Mwisho wa Amosi Nilioumeza

Nasimiyu wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Wandegeya kuwaaga wenzako, jua halijazama, na umeniachia sanduku lako katikati ya sebule kama mgeni asiyejua akae wapi. Umesema utarudi kabla ya chakula. Basi nina muda wa kukuandikia jambo nililoshindwa kukuambia tangu Jumanne, ingawa tumekula meza moja siku zote hizi na umeniuliza mara tatu, "Mama, unaumwa?" Siumwi, mwanangu. Nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka juzi nilishona mikono miwili ya shati upande mmoja, na mwenye shati akaniangalia akanionea huruma.

Mambo ya chandarua, kuchemsha maji na kutopokea soda ya mtu ndani ya basi nayaruka. Umemaliza Kyambogo, una shahada ya ualimu, na ukipotea kati ya hapa na Arua unakokwenda kufundisha basi hiyo shahada turudishe. Ninachotaka kukuandikia ni kosa langu. Lina umri karibu sawa na wako, na huko unakokwenda ndiko linakokaa.

Jumanne nilimpigia simu mama yake Ayikoru. Unajua desturi yetu, mtoto haendi kulala kwa mtu ambaye mzazi wake hajaongea naye. Rafiki yako Ayikoru nimemlisha hapa Nateete mwaka mzima, anajua hata sufuria yangu ipi inavuja, lakini mama yake sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nimejiandalia shukrani, na unanijua, shukrani zangu haziishi upesi. Nikasalimu. Nikasema mimi ni mama yake Nasimiyu, nashukuru kwa chumba unachompa mtoto wangu, Mungu akuzidishie. Nikadhani mtandao umekata.

"Mama," akasema mwishowe, "ongea tena kidogo."

"Niongee nini, mama?"

"Kitu yoyote. Mimi nataka kusikia hiyo sauti."

Nikacheka, nikamweleza habari za mvua ya huku. Akaniacha niongee, kisha akasema, "Wewe ndiyo mama ya cherehani. Wewe ulikuwa unageuza maneno ya mzee kanisani Nateete. Mimi ni Mama Letaru. Tulikaa nyumba moja, mlango yangu na mlango yako."

Nasimiyu, nilimkumbuka hapo hapo. Nilikaa juu ya kapu la vitambaa na simu sikioni.

Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye mwaka ule vita vilipoisha. Wewe ulikuwa na miezi michache. Tulipanga chumba kimoja chenye pazia katikati, katika nyumba ya Nnalongo, nyuma ya soko hili hili. Baba yako alikuwa gereji, mimi nilikuwa nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu niliyokuja nayo kutoka Bungoma. Wiki ya mwisho ya serikali iliyoanguka, wanajeshi watatu waliingia wakaibeba. Mmoja akaniambia, "Mama, shika hapa, iko nzito," na mimi nikashika, nikamsaidia kuipakia kwenye gari. Nilimsaidia mwizi wangu kuniibia, halafu nikamshukuru kwa kutonipiga. Muda wote aliongea nami Kiswahili, tena cha adabu.

Wewe kesho kutwa utakwenda kufundisha Kiswahili darasani na watoto watakuita mwalimu. Wakati ule, hapa mjini, Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya "lala chini" na "toa saa". Baada ya vita nikiingia sokoni nikasema habari ya asubuhi, watu walinyamaza. Mwuza nyanya mmoja aliniuliza, "Nyinyi watu ya Kiswahiri bado mko?" Nikamwambia kwa Kiganda changu cha kuokoteza kwamba mimi ni Mkenya, sina undugu na jeshi lolote. Akanijibu, "Kiswahiri ni Kiswahiri tu, nnyabo," akafunika nyanya zake kwa gunia. Nilirudi nyumbani bila nyanya na bila amani. Nilikuwa naogopa kila siku, naogopa hata kukuimbia wewe kwa sauti.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, na mhubiri wetu alikuwa mzee mmoja Mganda, mtu mnyofu, mwenye sauti ndogo kama anayekusomea barua. Alihubiri Kiganda. Upande wa kushoto kulikuwa na mabenchi matatu ya wasiojua Kiganda: sisi Wakenya wachache, Wakongo wawili, na zaidi ya wote wake wa askari wa kaskazini na wa Nile Magharibi ambao waume zao walikimbia au hawakujulikana waliko. Watu waliyaita mabenchi ya Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria. Mzee anasema sentensi, ananyamaza, nami naisema kwa Kiswahili, hivyo hivyo mpaka Amina. Nilikuwa hodari. Sikuombi unisamehe kwa kujisifu, maana sifa hizo ndizo zilizoniponza. Watu, wakiniita kwa jina la kaka yako, walisema mzee anahubiri na Mama Wekesa anapika. Hakuna anayemkagua mtafsiri, Nasimiyu. Wanaoelewa mhubiri hawamsikilizi, na wanaomsikiliza hawamwelewi mhubiri.

Mama Letaru alikaa benchi la kwanza. Alikuwa Mlugbara, mumewe alikuwa mpishi wa jeshi, na mimi nilijua kweli ni mpishi, kwa sababu nilimwona mara nyingi akimenya viazi mlangoni siku zake za mapumziko, kama mwanamke yeyote. Mume huyo aliondoka na wenzake jeshi lilipokimbia na hakuonekana tena. Alimwachia mkewe mimba na binti wa miaka minne, Letaru, aliyekuwa anapenda kunichagulia vifungo kwa rangi. Mimba hiyo ndiyo Ayikoru wako. Mama Letaru hakujua Kiganda hata cha kuombea maji. Kila neno la Mungu alilopata Jumapili lilipita mdomoni mwangu.

Mzee alichukua Jumapili tatu kuhubiri kitabu cha Amosi. Jumapili ya kwanza alieleza jinsi nabii alivyoanza na mataifa ya jirani, mji kwa mji, ukatili wa huyu na ukatili wa yule, na moto utakaowashukia. Nilitafsiri kwa nguvu zangu zote. Niliposema habari za waliopasua wanawake wenye mimba ili wapanue mipaka yao, niliona benchi la kwanza limeinamisha kichwa, na nikasikia raha. Naandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe: raha. Nilikuwa naidai cherehani yangu kwa watu ambao hawakuichukua.

Jumapili ya pili mzee akageuka, kama Amosi mwenyewe anavyogeuka. Akasema nabii aliwaacha majirani akaingia nyumbani kwake, akawahukumu watu wake kwa kumuuza maskini kwa bei ya viatu. Akawatazama Waganda wenzake akawauliza ni nani kati yao aliyeng'oa mabati ya jirani siku askari walipokimbia. Na mimi? Hiyo niliitafsiri kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayesoma maandishi madogo nyuma ya tiketi. Sikutaka mabenchi ya Kiswahili yajue kwamba na wengine wanahukumiwa.

Jumapili ya tatu ndiyo yenyewe. Mzee alifika sura ya mwisho. Alianza na maneno ya kutisha, jinsi Mungu atakavyopepeta watu kama mtu anayepepeta nafaka, nami nikayatoa yote. Kisha sauti yake ikabadilika. Akatabasamu, akainua mikono, akaanza kusema kwamba Mungu huyo huyo atakisimamisha kibanda kilichoanguka, ataziba nyufa zake, miji iliyobomoka itajengwa na watu watakaa ndani yake, watapanda mizabibu na kunywa divai yake, na hakuna atakayewang'oa tena. Akawatazama wanawake wa benchi la kwanza, wao hasa. Akanyamaza anisubiri.

Nyuma yangu alikuwa amekaa Nnalongo, mwenye nyumba wetu. Kaka yake alichukuliwa na askari wa serikali ile na hakurudi. Nikajiambia, nikisema maneno haya kwa Kiswahili, kwa wake wa askari, huku Nnalongo ananisikia, kesho nitalala wapi na watoto wawili? Hilo ndilo nililojiambia. Lakini chini yake palikuwa na jingine: sikutaka wayapate. Niliona hawastahili. Nikasema, "Mungu atawapepeta mpaka msibaki. Kibanda chenu kimeanguka na hakuna wa kukiinua." Mzee akaendelea, nami nikaendelea. Yeye anapanda mizabibu, mimi nang'oa. Tukafika Amina pamoja.

Baba yako alikuwa nyuma amekubeba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, karibu na bomba la maji, akasema, "Mama Wekesa, mahubiri ya leo yalikuwa mawili."

"Mawili vipi?"

"Mzee alihubiri yake na wewe ukahubiri yako. Kiganda cha gereji nakijua."

Nikamwambia ashughulike na mafuta machafu ya magari, mambo ya Mungu aniachie mimi. Marehemu hakuwa mtu wa kugombana. Alikuhamishia bega la pili akasema, "Sawa. Lakini mtu akikutuma barua, hupunguzi." Nilimnunia siku nne, na alikufa miaka kumi baadaye bila mimi kumwambia kwamba alikuwa sahihi.

Jumatano ya wiki ile Mama Letaru alifunga godoro lake kwa kamba. Nilimwona kupitia dirishani akienda stendi, tumbo mbele, godoro kichwani, Letaru ameshika sketi yake. Nilikuwa nakata kitambaa. Niliendelea kukata. Jioni Nnalongo alikuja mlangoni kwangu akiwa na ndizi zilizofungwa kwenye majani.

"Mwenzako yuko wapi?" akaniuliza. "Hizi nimemletea yeye."

"Amehama."

"Amehama kwenda wapi na tumbo lile? Nilimwambia akae mpaka azae, kodi tutaongea baadaye. Nani amemfukuza?"

Nikasema sijui. Nnalongo akasimama pale na ndizi zake, akatikisa kichwa. "Kaka yangu hakuchukuliwa na mwanamke mwenye mimba," akasema, akaondoka. Mwanamke niliyekuwa namwogopa, ambaye kwa ajili yake nilimbana Mungu mdomo, hakuwa na haja na zawadi yangu. Nilisikia aibu usiku mmoja, labda miwili. Halafu nikajisamehe, upesi sana, kwa kujiambia kwamba watu huhama na ni mahubiri tu. Nikaendelea kutafsiri miaka kumi na sita. Waumini walininunulia gauni.

Sasa rudi kwenye simu. Nilimuuliza kitu cha kijinga, kile mtu anachouliza akikutana na jirani wa zamani. Nikasema, "Na Letaru je? Sasa ni mama wa watu?"

"Letaru alikufa," akasema. "Tulifika nyumbani, surua ikamshika. Wiki tatu tu."

Nikamkumbuka akinichagulia vifungo.

"Nataka nikuambie vile ilikuwa," akaendelea, bila hasira, kwa sauti tulivu kama ya mtu anayehesabu vifungo. "Siku ile kanisani mimi niliangalia mzee. Mzee anacheka, mikono iko juu. Wewe unatoa moto. Mimi nikafikiri, huyu mzee mzuri, huyu alisalimia mtoto wangu kila siku, sasa anacheka vile sisi tutakwisha. Nikasema, basi hata Mungu amefurahi. Ndiyo maana nilitoka kwa nyumba. Mwenye nyumba alinikataza, mimi nikaona, nitakaa mahali Mungu amesema nitoke? Mtoto alipokufa sikulia. Watu walisema nilie. Nikasema, nalilia nani? Ilisemwa."

Niliomba sakafu ipasuke. Haikupasuka. Nilikuwa bado nimekaa juu ya kapu.

"Sikuomba tena," akasema. "Miaka mingi. Ayikoru alikuwa anaenda kanisa na shangazi yake. Baadaye wakaleta darasa ya watu wakubwa, kujifunza kusoma. Mimi nikaenda kwa sababu ya kusoma dawa, si kwa sababu ya Mungu. Tunasoma Biblia ya Kilugbara, kitabu kwa kitabu. Tukafika kwa Amosi. Mimi nikasimama nitoke. Mwalimu akasema, mama, kaa, maliza. Nikamaliza." Kisha akasema, "Mama, ile kitabu iko na mwisho."

"Ndiyo," nikasema.

"Mzee alisema ile mwisho siku ile?"

"Alisema."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nasimiyu, nilitaka anitukane. Ningemshukuru kwa tusi. Badala yake akasema, "Hukumu mimi sikatai. Bwana yangu alipika, lakini alipikia nani? Mimi niliona vitu walileta kambini, redio za watu, nguo za watu. Hukumu ilikuwa haki. Lakini hata jela wanakuambia siku ya kutoka."

Hilo ndilo limenikaa kifuani tangu Jumanne. Miaka yote hii niliposhikwa na dhamiri nilijitetea kwamba sikusema uongo. Moto ule umo kwenye kitabu. Kupepetwa kumo. Nilisema robo tatu ya ukweli, na ile robo moja niliyomeza ndiyo iliyoacha mtu azike mtoto bila kulia.

Unakumbuka ulipokuwa mwaka wa pili, ukaja na yale ya kwenye mihadhara? Tulikuwa tunachambua mchele. Ukasema, "Mama, wataalamu wengine wanasema ule mwisho wa Amosi si wa Amosi. Uliongezwa na mkono mwingine baadaye, baada ya mji kuanguka." Nilikuja juu, nikakuambia usiniletee wataalamu ndani ya nyumba yangu. Wewe ulidhani natetea Biblia. Nilikuwa naogopa, maana kama kuna mkono ulioongeza, mimi ndiye mkono uliopunguza, na wewe ulikuwa umekaa mbele yangu ukitoa mawe kwenye mchele bila kujua.

Nimeufikiria mkono huo siku hizi tatu. Sijui kama wataalamu wako wanasema kweli. Lakini nawaza kwamba palikuwa na mtu, amekaa katika mji uliobomolewa, ndugu zake wamepelekwa utumwani, ameshika maneno ya nabii aliyetabiri hayo yote na yametimia. Angeweza kuyaacha vile yalivyo. Yalikuwa yamethibitika. Akaona hawezi kuwaachia watoto wake karatasi inayoishia kwenye moto. Nami nilikuwa katika mji uliobomolewa vile vile, nikafanya kinyume chake. Kama ni Amosi aliyeandika mwisho ule, basi ni yeye aliyeona. Kama ni mwingine, nampenda zaidi.

Halafu nimewarudia manabii wengine, kwa macho yangu safari hii, si kwa mdomo. Nimeona mambo haya. Yeremia niliyekuwa namtafsiri kwa kunguruma, kumbe alikuwa analia. Anawaambia watu mji utachomwa, na huku adui amezunguka ukuta yeye ananunua shamba la binamu yake na kutunza hati vizuri ndani ya chungu. Hosea anampa mtoto jina la kukataliwa, kwamba ninyi si watu wangu, na kabla hujageuza ukurasa jina limebadilishwa. Hakuna hata mmoja wao aliyefurahia kuwa sahihi. Mimi nilifurahia. Nadhani hapo ndipo ungenitambua kwamba mimi si mjumbe wao, ungeangalia uso tu. Mama Letaru aliangalia nyuso zetu mbili, wa mzee na wangu, akaamini ule usiofaa, kwa sababu ndio uliokuwa na lugha yake.

Utafundisha watoto mambo haya, Kiswahili na somo la dini. Sikuagizi namna ya kufundisha, una cheti na mimi sina. Nakuambia tu kilichonipata: maneno makali ni matamu mdomoni mtu akiwa na uchungu wake binafsi, na utamu huo unafanana sana na uaminifu. Mimi niliuchanganya na uaminifu kwa nusu ya maisha yangu.

Simu haikuishia hapo. Mama Letaru aliniambia, "Sasa toa ile ingine."

"Ipi, mama?"

"Ile mzee alisema, wewe ukaacha. Mimi nimesoma kwa Kilugbara, iko sawa. Lakini ile moto iliingia kwa hii sauti. Nataka ile ingine iingie kwa hii sauti."

Nikajaribu. Nasimiyu, mimi niliyesimama mbele ya mamia bila karatasi, nilishindwa na sentensi moja. Nilisema kibanda kilichoanguka, nikakwama. Nikaanza tena. Yeye alinisubiri, hakunisaidia, na salio lilikuwa linakwisha. Nikasema ataziba nyufa. Nikasema watajenga miji yao na watakaa ndani. Nikasema watapanda na watakula walichopanda. Nilipofika kwenye hakuna atakayewang'oa tena, nilikuwa nalia vibaya, makamasi na yote, na sijui alisikia nini.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo ndiyo iko." Kisha akaendelea, "Mtoto aje. Chumba nimepaka chokaa. Lakini wewe mwenyewe umwambie kabla hajafika. Mimi siwezi kukaa na mtoto wa mtu nyumbani nimeficha siri ya mama yake. Ayikoru nitamwambia mimi." Hapo salio likaisha. Nilibaki nimeishika simu, sijui kama nilisamehewa. Hakusema neno hilo, nami sikuthubutu kumpigia tena ili kulidai.

Kwa hiyo umejua. Nitakuwekea barua hii juu ya sanduku, kisha niende kukaa kwa jirani mpaka uisome, maana sina ujasiri wa kukutazama ukiisoma. Ukiniuliza nimekaa nayo siku tatu kwa nini, jibu ni kwamba nilikuwa natafuta namna ya kukuzuia usiende. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Nilifikiria kukuambia kuna shule karibu hapa inatafuta mwalimu. Yote hayo yalikuwa kupunguza tena, na umri wangu umekwenda, siwezi kupunguza mara ya pili.

Ukiona huwezi kwenda kulala nyumbani kwa mwanamke yule ukijua haya, usiende, nitaelewa, na mimi ndiye nitakayepiga simu kumwambia. Ukiona huwezi kunitazama mimi, hilo pia nitalielewa, ingawa litaniua. Lakini ukienda, nakuomba mambo mawili tu. Usinitetee. Usimwambie kwamba mama yako alikuwa anaogopa, kwamba zilikuwa nyakati ngumu. Yeye alikuwa na hofu kuliko mimi na hakumwibia mtu.

Na la pili. Ayikoru aliwahi kuniambia, kabla sijajua ni habari za nani, kwamba dada yake amezikwa nyuma ya nyumba yao, penye mihogo, na kwamba mama yake huenda pale jioni akikumbuka. Siku moja mama huyo atakupeleka pale. Usiombe kwa sauti, mwanangu, wala usitafute neno la kusema, hata la Biblia. Simama naye. Akilia, mwache alie, na asipolia, usimshangae. Usiondoke pale mpaka yeye ameondoka kwanza.

Mama yako.